Uswahilini kwa Skeli ya 1:20: Tulivyojenga Nyumba ya Vyumba Sita kwa Maboksi

Kazi ya mwaka wa mwisho tuliyopewa ilikuwa na masharti mawili. Jengeni mahali mnapopafahamu, kwa skeli, hadi picha ya simu imshinde mtu kujua kama anaangalia mtaa au meza. Na msinunue kitu chochote kinachouzwa kama vifaa vya modeli. Sharti la pili tulilipokea kwa shangwe, maana mifukoni hamkuwa na kitu. La kwanza ndilo lililotutesa, na ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu kila mwaka naona wanafunzi wengine wakilianza sifuri, wakiharibu maboksi yaleyale na kukesha kwa mambo yaleyale.

Tulikuwa wanne, wote wa sanaa za ufundi, Dar es Salaam. Mwenzetu wa Unguja alitaka tujenge Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani pale Mji Mkongwe, kama ilivyokuwa kabla sehemu yake haijaporomoka Desemba 2020. Wazo zuri, na picha zipo tele. Lakini tulipokaa kuchora tukaona kwamba jengo lile sote tunalijua kwa sura ya mbele: nguzo za chuma, roshani, mnara wa saa. Hata yeye mwenyewe hakuweza kutuambia maji ya mvua yanashukia wapi kwa nyuma. Mimi nikang'ang'ania nyumba ya Kiswahili. Wawili wetu tulikulia ndani yake, na wa tatu alikuwa amepanga chumba katika mojawapo, Magomeni.

Kwa msomaji aliyeko Goma, Muscat au Toronto ambaye hajawahi kuishi Uswahilini: ni nyumba ya chini yenye ukumbi mrefu katikati, unaoanzia mlango wa mbele na kutokea uani. Kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu, na mara nyingi kila chumba kina familia yake. Mbele kuna baraza ya saruji, watu wanapobarizi jioni na mama wa chapati anapotega karai asubuhi. Uani kuna jiko, stoo, bafu na choo vimepangana ukutani, na kamba ya nguo inayokatiza juu ya vichwa vya watu. Zamani kuta zilikuwa za miti na udongo na paa la makuti, wengine wakaezeka madebe yaliyokunjuliwa, kisha bati likatawala. Kariakoo nyumba hizi zinakwisha, kila kiwanja kinapandisha ghorofa. Ilala, Temeke na Magomeni bado zipo za kutosha kupimwa.

Kupima, basi. Vijana wanne wenye futi na daftari wakipita chumba hadi chumba katika nyumba ya mtu Ilala wana tafsiri moja tu mtaani: dalali ametuma watu, nyumba inauzwa. Hatujafika chumba cha pili wapangaji walishatoka nje wakiuliza wanatakiwa kuhama lini. Bibi mwenye nyumba tulikuwa tumeshamwomba ruhusa na alikubali vizuri tu, lakini kelele zilipozidi naye akaingia wasiwasi, akatuuliza mbele za watu, "Wajukuu zangu, hivi nyie kweli mnasoma, au mmetumwa?" Tukatoa vitambulisho vya chuo. Havikusaidia kitu. Kilichosaidia ni yule wa Unguja kuketi barazani, kufungua daftari na kuanza kuuchora mlango wa mbele palepale, komeo na kutu yake, watu wakimchungulia begani. Muda si mrefu watoto ndio waliokuwa wakitushikia ncha ya futi.

Siku hizi nawashauri wadogo zetu waende mara ya kwanza bila futi. Msalimie mwenye nyumba, keti, mwambie unataka nini na kwa nini, hakikisha wapangaji na mjumbe wa mtaa wamesikia kutoka kwake mwenyewe. Futi ije siku nyingine. Na vyumbani mwa watu usipige picha hata moja hadi mwenye chumba akuambie piga. Tulipomaliza tulimpelekea bibi kilo mbili za sukari. Hakutuomba, ila kuingia kwa mtu mara kadhaa mikono mitupu ni aibu.

Vipimo vya vyumba ni rahisi: futi kumi kwa kumi, karibu vyote. Vinavyoleta uhalisia ni vile vinavyochosha. Baraza imepanda kiasi gani kutoka ardhini? Bati limetokeza kiasi gani nje ya ukuta? Kizingiti kimelika wapi? Nondo za dirisha zimeachana vidole vingapi? Hivi ukivikisia, mtazamaji hatajua kosa liko wapi, lakini atajua lipo. Tulipochoka na kuta za Ilala tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, kule Barabara ya Bagamoyo, kutazama nyumba ya miti na udongo ilivyofumwa, kwa sababu upande mmoja wa nyumba ya bibi ulikuwa umebanduka lipu na fito zikaonekana. Kiingilio cha mwanafunzi si kikubwa, na pale unaweza kukaa mbele ya ukuta saa nzima bila mtu kukuuliza kama umetumwa.

Kuhusu skeli. Tulichagua 1:20, yaani mita moja inakuwa sentimita 5, na futi moja inakaribia sentimita 1.5. Mlango wa mita 2 unatoka sentimita 10. Mtu wa sentimita 165 anakuwa na milimita 82. Kwa 1:50 nyumba nzima ingekaa kwenye kisanduku cha viatu, ila mlango ungekuwa wa sentimita 4, na kutu ya komeo usingeiona. Kwa 1:10 nyumba ya mita kumi ingekuwa na urefu wa mita nzima, na hapo unafikiria gari la kuibeba kabla hujafikiria gundi. Tulichora rula yetu wenyewe kwenye ukanda wa kadibodi, iliyoandikwa mita na nusu mita halisi, kila mmoja akawa na yake. Hakuna tena kupiga hesabu saa nane za usiku: ukitaka dirisha la mita moja unapima mita moja ya rula ile.

Skeli haina huruma, na hilo tuliliona kwenye mchanga. Tulimwaga mchanga wa kawaida wa ujenzi kuwa ardhi ya uani, ukapendeza kwa macho, tukapiga picha. Kwenye picha uani ukawa ufuko wenye kokoto. Ndiyo hesabu yenyewe: chembe ya milimita moja kwa 1:20 ni jiwe la sentimita mbili. Tukaufagia wote. Ardhi iliyokubalika ilitokana na vumbi jekundu la kando ya barabara, lililochekechwa kwenye soksi ya nailoni hadi likawa laini kabisa, likamwagwa juu ya gundi mbichi. Ule mchanga tuliubakiza kidogo pembeni ya bafu, kwa sababu pale bibi alikuwa amemwaga kokoto kweli.

Maboksi msidhani ni ya bure. Kariakoo kila boksi linaloanguka chini lina mwenyewe, kuna watu wanaishi kwa kuyakusanya na kuyauza kwa kilo. Ukiokota bila kuuliza utapata somo. Elewaneni na kijana mmoja wa maduka ya vifaa vya umeme, mlipeni, naye atawawekea maboksi ya televisheni na ya feni ambayo hayajakunjwa wala kulowa. Boksi lililowahi kulowa na kukauka lionekane zima namna gani, litakusaliti.

Kuta tulizifanya kwa tabaka tatu za kadibodi. Hapa ndipo mradi ulipotaka kufa. Gundi nyeupe ya mbao ni ghali, basi tukaizimua maji ili ienee. Asubuhi kuta zote zilikuwa zimepinda, ilikuwa Aprili, masika, unyevu hewani na unyevu ndani ya karatasi. Kadibodi hupinda upande unapopakwa, kwa hiyo ukipaka huku paka na kule. Mistari ya ndani ya tabaka la katikati ikatize ile ya tabaka za nje. Kisha ilaze na uzito juu yake hadi ikauke, si vitabu viwili vitatu, bali matofali juu ya ubao bapa. Gundi isizimuliwe kwenye kuta. Izimueni kwenye vitu ambavyo mnataka vilegee.

Uji wa unga wa ngano tuliutumia kubandikia karatasi ndogondogo, unashika vizuri na karibu ni bure. Tatizo ni kwamba mende na panya nao wanaujua. Wale wazee wa kujalidi vitabu walikuwa wanatia matone ya mafuta ya karafuu kwenye gundi yao ili isiote ukungu, nasi tukafanya hivyo. Ukungu uliacha. Panya hawakuacha, ikabidi modeli ilale juu ya kabati.

Kuhusu kukata nitasema machache: wembe mpya, rula ya chuma, mkono mwepesi, pita mara tano badala ya kukandamiza mara moja. Mwenzetu wa Magomeni alikandamiza mara moja, akashonwa kidole.

Lipu ya kuta ilikuwa gipsamu, gundi nyeupe na majivu yaliyochekechwa, ikapakwa nyembamba kwa kipande cha kadi ya benki iliyokwisha muda. Mahali palipotakiwa kuonyesha nyufa tulibandika maganda ya mayai, utando wake wa ndani ukiwa umeshatolewa, tukayakandamiza yakapasuka yenyewe. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuchora ufa kwa uhuru wa ganda la yai.

Bati lilitusumbua kuliko kitu chochote, na nitaeleza kwa sababu wengi hudanganyika hapa. Kila mtu akiambiwa atengeneze bati huchana karatasi ya juu ya boksi, anakuta mawimbi ndani, anafurahi. Sasa pima. Mawimbi ya boksi la kawaida yameachana karibu milimita 7. Zidisha kwa 20, unapata sentimita 14. Bati la kweli mawimbi yake yameachana kama sentimita 7.6, inchi tatu. Paa lako lina mawimbi mapana karibu mara mbili ya yanavyotakiwa, na hiyo ndiyo sababu nyumba nyingi za maboksi zinaonekana za watoto hata kama zimekatwa kwa ustadi. Kuna boksi jembamba zaidi, la piza au la vifaa vidogo vya umeme, ambalo mawimbi yake ni kama milimita 3. Hilo kwa 1:20 linakaribia.

Sisi tulitaka chuma kionekane chuma. Tulipanga vijiti vya mishikaki juu ya ubao, tukaviachanisha kidogo sana, tukavigandisha, tukapata kalibu yenye mawimbi ya milimita 4 hivi. Juu yake tukalaza alumini na kusugua kila bonde kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino. Alumini ya makopo ya soda ni ngumu, inarudi ilikotoka. Tuliilainisha kwa kuichoma juu ya makaa hadi rangi iungue, ila moshi wa rangi ile ni mbaya, kazi hiyo ifanyike nje na upepo uwe mgongoni mwako, na usiache kopo motoni hadi likayeyuka. Baadaye tukagundua vile vyombo vya foili vya kubebea chakula. Ni vyepesi, vinakubali kalibu bila kuchomwa, na ukumbi wa sherehe ukimaliza harusi Jumamosi usiku unaweza kujaza gunia. Tuliviosha kwa majivu kuondoa mafuta, la sivyo rangi haishiki. Kila bati tulilikata vipande vya ukubwa wa kweli na kuvipandanisha kama fundi anavyopandanisha, hata kama karatasi moja kubwa ingefunika paa lote. Jicho linatafuta pale bati lilipounganishwa.

Sasa uchakavu, na hapa ndipo nina msimamo. Wanafunzi wengi wakimaliza kujenga huchukua rangi ya kahawia na kuipaka kila mahali, wakiamini kwamba nyumba ya maskini ni nyumba chafu. Haifanani na kitu. Hakuna uchafu unaokaa mahali bila sababu. Tulirudi Ilala bila futi safari hii, tukakaa tu kutazama. Nyumba ya bibi haikuwa chafu hata kidogo, alikuwa akifagia uani alfajiri kila siku na mistari ya fagio ilibaki kwenye udongo hadi watoto watoke. Lakini ilikuwa imeliwa na maji, jua, moshi na mikono, kila kimoja mahali pake.

Paa halina mifereji, kwa hiyo maji hushuka moja kwa moja chini, yanapiga udongo mwekundu, na udongo unaruka ukutani hadi kimo cha goti. Kwa skeli yetu hiyo ni sentimita mbili hadi mbili na nusu, iliyokolea chini na kufifia juu, tena haipo pale baraza ilipo kwa sababu baraza ni saruji. Mkono unashika ukuta karibu na kizingiti cha mlango wa uani kila mtu anapovua kandambili, basi pale pana weusi wa mafuta wa kimo cha bega, na chini yake, kama nyumba ina watoto, weusi wa pili wa kimo cha mtoto. Moshi wa jiko unatoka juu ya mlango wa jiko na kupanda. Kutu ya bati inaanzia kwenye matundu ya misumari, kwenye maungio na kwenye kingo zilizokatwa, kwa kuwa pale ngozi ya zinki imekatika, kisha inatiririka kufuata mabonde. Rangi ya bluu ya mbao za dirisha imepauka upande unaopigwa na jua la mchana, na kubaki nzito chini ya ukingo wa bati.

Ukishajua sababu, mbinu ni rahisi. Kwa rangi iliyobanduka tulitumia chumvi: paka rangi ya chini, ikikauka lowesha kwa brashi, nyunyiza chumvi ya mawe iliyopondwa, paka rangi ya juu, subiri, kisha futa chumvi kwa kidole. Kutu tuliipata kwa kuloweka waya wa kusugulia masufuria ndani ya siki siku kadhaa. Maji yake yanageuka kahawia yakikutana na hewa, na tope lake ukilichanganya na gundi kidogo unapaka kutu ya kweli, si rangi inayoiga kutu. Moshi ulikuwa masizi ya kibatari. Tope lilikuwa tope.

Jambo moja halikuniingia akilini hadi nilipoliona: rangi ikipakwa kwenye kitu kidogo huonekana kali kuliko ilivyo. Tulichukua sampuli halisi ya bluu ya bibi, tukailinganisha hadi ikalingana kabisa, tukaipaka, nayo ikapiga kelele. Ikabidi tuizimishe kwa nyeupe na kijivu kidogo. Na kung'aa ni adui. Rangi ya mafuta inang'aa kwa kiasi kinachomwambia mtazamaji papo hapo kwamba kitu hiki ni kidogo. Poda ya mtoto, iliyochanganywa kwenye rangi ya maji au kupigwa juu kwa brashi kavu, inaua mng'ao wote.

Vyombo vya uani tulivigawana. Madumu ya njano ya lita 20 tuliyachonga kutoka kandambili iliyokatika, yakatoka chini kidogo ya sentimita mbili, na vishikio vya waya wa shaba. Vijiti vya lambalamba vikawa milango. Majani ya mwembe yalikuwa majani ya mlonge yaliyokaushwa, yakanyunyizwa kwenye matawi ya waya uliosokotwa. Majani ya chai yaliyotumika yanafaa kuwa takataka chini ya mti, ila yakaushwe juani hadi yavunjike, vinginevyo yanaota ukungu mweupe ndani ya wiki.

Kanga kwenye kamba zilitugharimu muda wa ajabu. Kitambaa halisi hakiwezekani, nyuzi zake ni nene mno kwa skeli na hakina uzito wa kuning'inia, kinakaa kimesimama kikavu. Tulitumia tishu. Kila kanga sentimita 7.5 kwa 5.5, pindo, mji na jina vimechorwa kwa kalamu nyembamba, ikachovywa kwenye gundi iliyozimuliwa, ikaanikwa na vipande vya udongo vimening'inizwa pembeni hadi ikauke. Mwenzetu wa Kigoma aliandika majina yenyewe, anayasoma kwa lenzi tu. Mengine siwezi kuyarudia hapa.

Wakati huo nyumbani hali ilikuwa hivi: mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa akinilipia ada, alinikuta kwenye baraza lake nimezungukwa na vipande vya maboksi, akasimama kimya muda mrefu, akasema, "Yaani nakulipia chuo ukate maboksi." Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nilimwonyesha picha za kazi za Bodys Isek Kingelez, Mkongo wa Kinshasa, ambaye alijenga miji mizima kwa karatasi, kadibodi na vifungashio. Kabla ya hapo alikuwa akikarabati vinyago kwenye makumbusho ya taifa lao. Kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kufariki, jumba la MoMA la New York likamfanyia maonyesho makubwa ya peke yake. Mjomba alitazama picha zote. Akauliza, "Na huyu nyumba zake mbona haziko hivyo?" Alikuwa sahihi. Kingelez alijenga miji ambayo haijawahi kuwepo, iliyong'aa, isiyo na tone la tope. Sisi tulikuwa tunafanya kinyume chake kwa malighafi zilezile. Ada iliendelea kulipwa.

Ndani ya kikundi tuligombana pia, na si kwa mambo makubwa. Mmoja anataka kumaliza, mwingine anataka kubandua ukuta mzima kwa sababu dirisha limekaa milimita mbili pembeni. Wiki moja wawili hawakuwa wanasalimiana. Kilichotuokoa ni kugawana sehemu badala ya kugawana hatua: huyu paa lake, yule uani wake, kila mmoja na neno la mwisho kwenye sehemu yake. Tungefanya hivyo tangu mwanzo tungelala zaidi.

Kuhusu fedha, niwe mkweli. Kwa wote wanne ilifika kama laki moja na nusu, na "malighafi za bure" hazikuwa na sehemu kubwa humo. Fedha zilikwenda kwenye gundi, nyembe, brashi zinazoharibiwa na gipsamu, nauli za Ilala, na bajaji. Bajaji hasa. Ubao wetu ulikuwa sentimita 90 kwa 60, na daladala hakuna konda atakayekukubalia nao saa za asubuhi. Kabla hujakata ubao wa chini, pima mlango wa chumba, wa bajaji, na wa ukumbi utakapoonyesha. Na paa lisigandishwe kwenye kuta. La kwetu linanyanyuka, ndiyo maana tuliweza kutengeneza ndani kilipoharibika kitu njiani.

Liliharibika, bila shaka. Maungio kadhaa ya kenchi tulikuwa tumeyafunga kwa gundi ya moto ili twende haraka. Modeli iliachwa ndani ya gari juani wakati sisi tunatafuta funguo za ukumbi, na tulipofungua mlango paa lilikuwa limefumuka upande mmoja. Gundi ya moto inayeyuka kwa joto, jina lake linakuambia. Iwe ya kushikilia kwa muda tu huku gundi nyeupe ikikauka.

Picha ya simu, ile ya sharti la kwanza, ina siri zake. Piga nje, juani, kwa sababu jua linatoa kivuli kimoja kikali na taa za ndani zinatoa vitatu. Lenzi iwe kwenye kimo cha jicho la mtu wa skeli yako, kwetu sentimita 7.5 au 8 kutoka ardhini. Simu ukiigeuza juu chini, lenzi inashuka karibu na meza na kimo hicho kinapatikana. Usisogee karibu sana. Ukisogea, mbele na nyuma vinafifia, na ukungu huo ndio unaofanya hata mtaa wa kweli uonekane wa kuchezea. Rudi nyuma, piga, kisha ikate picha.

Bibi tulimleta kwenye maonyesho kwa bajaji ileile. Alizunguka ubao taratibu, akainama kwenye uani, akaanza kukosoa. Mlango wa choo tuliufungulia upande usio wake. Kuku hawapo. "Na bati la jikoni mmelipendelea, langu lina tundu hapa." Tukatoboa tundu palepale kwa pini. Waliotathmini walituuliza maswali mengi kuhusu dhana ya kazi, na alama zetu zilikuwa nzuri, ila mtu pekee aliyeona kwamba mstari wa tope ulikuwa wa mvua za mwaka ule na si wa zamani ni yeye.

Siku ya mwisho alikuja bwana wa kampuni moja ya kujenga nyumba za kuuza, akasifu sana, akatupa kazi: modeli ya ghorofa zao, safi, miti ya kijani, pasiwe na hata doa. Tulihesabu malighafi, tukaongeza kidogo, tukataja bei. Alikubali bila kupunguza, na hapo ndipo tulipojua tumejipunja. Tulifanya kazi miezi miwili kwa malipo ambayo, yakigawanywa kwa saa, hayafiki ya kibarua wa zege. Kisha malipo ya mwisho yakachelewa hadi tukaanza kupigiana simu za kusikitisha.

Sasa bei yangu inaanza na saa za kazi, ninaziandika kwenye daftari kila jioni, malighafi zinafuata, halafu nyembe na brashi, halafu sehemu ya kurekebisha, kwa sababu mteja lazima abadilishe rangi ya ukuta mara moja. Nusu ya fedha inatangulia kabla sijakata boksi la kwanza. Usafiri ni juu ya mteja, na anayebeba ni mimi.